Kutembea nje ya njia Uluguru: namna ya kujua ulipo ukungu ukishashuka

Uwanda wa Lukwangule uko juu, upande wa kusini wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kwenye mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu ni nyasi na vinamasi, pembeni kote ni msitu mnene unaoporomokea mabondeni. Asubuhi unaweza kusimama ukaona kila kitu. Saa nne ukungu unapanda kutoka mashariki, na saa nne na robo humwoni mwenzako aliye hatua thelathini mbele. Hapo vijia vyote vinafanana, na kile unachokiita njia huenda ni mapito ya maji ya mvua tu.

Ukiuliza ufanyeje, wengi watakwambia ununue GPS. Mimi naanzia kwingine. Kabla ya kifaa chochote, uwe unaweza kujibu maswali mawili muda wote wa safari. La kwanza: mara ya mwisho nilikuwa na uhakika nipo wapi, na ilikuwa saa ngapi? La pili: nikipitiliza ninakokwenda, nitagonga kitu gani kitakachonishtua? Ukishindwa kujibu hata moja, simama hapo hapo. Yote yanayofuata ni namna ya kuwa na majibu hayo mfukoni. Nimetolea mfano Uluguru, ila ukienda Usambara, Udzungwa au Rungwe kazi ni ile ile.

1. Kibali na mwenyeji

Sehemu kubwa ya msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Pata kibali kwenye ofisi yao Morogoro kabla ya kupanda, waeleze wazi kwamba unataka kutoka nje ya njia, na waulize sehemu zipi haziruhusiwi. Ukifika kijijini, pita ofisi ya serikali ya kijiji, uandike jina, idadi ya watu na siku ya kurudi. Panda na mwongozaji wa pale. Kujua dira hakukuondolei haja ya mtu aliyekulia kwenye mlima huo, na yapo maeneo ya matambiko ya Waluguru ambayo hakuna ramani itakayokuonyesha.

2. Ramani ya karatasi

Tafuta karatasi ya skeli ya 1:50,000 inayotolewa na idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi. Kwa skeli hiyo sentimita 2 za ramani ni kilomita 1 ardhini, na kila mraba wa gridi una upande wa kilomita 1. Nyingi ni za zamani. Mashamba yamesogea, vijia vimehama, lakini migongo ya mlima na mabonde yako pale pale, na hayo ndiyo unayoyahitaji.

Kabla ya kuikunja, soma maelezo ya pembeni. Tazama mambo matatu.

Kwanza, tofauti ya kimo kati ya kontua na kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Karatasi nyingine zina mita 20, nyingine za zamani zimechorwa kwa futi 50. Ukichanganya, hesabu yako ya muda wa kupanda itakosea. Kumbuka pia kwamba genge la mita 15 linaweza kujificha lote kati ya kontua mbili za mita 20 na ramani isiseme neno.

Pili, mfumo wa msingi wa vipimo, yaani msingi unaotumika kuhesabu namba za mahali. Ramani hizi zimejengwa juu ya Arc 1960, wakati simu yako na GPS hutumia WGS84. Namba za mifumo hiyo miwili hazilingani. Ukichukua namba kwenye simu ukazichora moja kwa moja kwenye karatasi, utakuwa umekosea kwa mita 300 hivi. Kwenye uwanda wa nyasi mita 300 zinavumilika. Kwenye ukingo wa korongo, huo ni mgongo mwingine kabisa. Kama kifaa chako kinaruhusu kubadili mfumo, kiweke Arc 1960, ukanda wa 37 kusini wa UTM (gridi ya kimataifa inayohesabiwa kwa mita), ukiwa bado nyumbani, kisha ukijaribu mahali unapopajua.

Tatu, kaskazini. Tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani kwa upande wetu ni ndogo, digrii chache tu, lakini hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo namba iliyochapwa miongo iliyopita usiiamini. Digrii 1 ni kama mita 17 kwa kila kilomita. Digrii 5 ni karibu mita 87. Piga hesabu mwenyewe kama kwa safari yako inafaa kurekebisha.

Ukitaja mahali kwa namba za gridi, soma kwanza zile zinazoongezeka kwenda mashariki, kisha zile zinazopanda kaskazini. Namba sita zinakufikisha ndani ya mita 100, na hizo zinatosha.

3. Ipitie safari mezani

Fungua ramani, chukua penseli. Kontua zikipinda kama herufi V na ncha ikielekea juu mlimani, hilo ni bonde. Ncha ikielekea chini, huo ni mgongo. Zikibanana, ni mteremko mkali. Chora migongo kwa rangi moja na mabonde kwa nyingine mpaka karatasi ianze kusimama machoni pako.

Kisha igawe safari vipande vifupi, visizidi kilomita moja kila kimoja, na kila kipande kipe vitu vitatu. Cha kwanza ni uzio, yaani kitu kirefu unachoweza kutembea nacho sambamba, kama mgongo, ukingo wa msitu au kijito. Cha pili ni alama ya kufikia ambayo haiwezi kufanana na nyingine, mathalani shingo ya mlima kati ya vilele viwili, au mahali vijito viwili vinapokutana. Cha tatu ni ukuta, kitu kipana kilicho nyuma ya alama hiyo ambacho huwezi kukivuka bila kujua.

Kwa Lukwangule, upande wa magharibi una ukuta mzuri. Ukishuka kuelekea Mgeta unaupita msitu, halafu unagonga mpaka wa hifadhi na mashamba ya matuta ya kabichi na viazi, na huwezi kupita katikati ya kabichi za watu usijue. Mashariki hakuna bahati hiyo. Huko ndiko mvua inakonyesha zaidi, msitu ni mpana na miteremko ni mikali. Kwa hiyo nikipanga njia ya dharura, huwa ni ya magharibi, hata kama mashariki kunaonekana karibu zaidi kwenye karatasi.

Muda nao upange hapa. Mskochi William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 inayotumika mpaka leo: kilomita 5 kwa saa, ongeza saa nzima kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa njia iliyo wazi. Nje ya njia, kwenye nyasi ndefu, zidisha mara mbili. Kwenye mianzi iliyolaliana, kilomita moja kwa saa ni mwendo mzuri, tena msijisifu.

4. Kuuliza wenyeji

Swali la "Huku ndiko Lukwangule?" karibu kila mara litajibiwa "Ndiyo." Si kwamba mtu anakudanganya. Umemwekea jibu mdomoni, na kumkatalia mgeni si adabu. Uliza swali lisilo na ndiyo wala hapana: "Mzee shikamoo, mtu akitaka kwenda juu anapitia wapi?" Halafu uliza: "Maji ya kijito hiki yanatokea wapi, na yanakwenda wapi?" Mkulima wa Mgeta anayajua maji yake kwa undani kuliko ramani yoyote, maana ndiyo anayoyaelekeza kwenye matuta.

Umbali usiuulize kwa kilomita. "Hapo tu" inaweza kuwa dakika kumi au saa tatu. Uliza: "Ukitoka hapa asubuhi bila mzigo, unafika saa ngapi?" Jibu lolote utakalopewa, ongeza nusu yake, maana wewe umebeba begi na yeye hakubeba.

Uliza pia kuhusu vijia vya wapasua mbao. Hivi vimepoteza wengi. Kijia kinaanza kipana, kimekanyagwa vizuri, kinaingia msituni kwa uhakika kabisa, kisha kinaishia kwenye shimo la zamani la kupasulia magogo, limejaa majani na maji. Mbele ya hapo hakuna kitu. Aliyekitengeneza hakuwa na safari ya kwenda ng'ambo. Ukikuta shimo la namna hiyo, usitafute mwendelezo wa njia. Rudi mpaka alama yako ya mwisho.

5. Dira

Nunua dira yenye bamba la plastiki linaloonyesha ramani chini yake na duara la digrii linalozunguka. Kabla ya kulipa, ilaze kiganjani. Dira nyingi zimesawazishwa kwa ajili ya Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Huku kwetu, kusini ya ikweta, sindano yake huinama upande mmoja na kukwaruza. Tafuta iliyotengenezwa kwa ukanda wetu au ile inayotumika popote duniani.

Kuchukua mwelekeo kuna hatua tatu, na ukizifanya jikoni mara nyingi hutazikosea mlimani.

Laza ukingo wa bamba kwenye ramani kutoka ulipo hadi unakokwenda, mshale wa safari ukitazama unakokwenda. Hapa ndipo watu hugeuza bila kujua wakaenda kinyume kabisa, kwa hiyo sema kwa sauti, "Natoka hapa, naenda pale."

Zungusha duara la digrii mpaka mistari yake ya ndani ilale sambamba na mistari ya gridi inayopanda kaskazini, herufi ya kaskazini ikiwa juu.

Inua dira, ishike kifuani ikiwa imelala sawasawa, kisha geuka mwili mzima, si mkono peke yake, mpaka sindano nyekundu iingie ndani ya mshale wake. Unakotazama ndiko unakokwenda.

Mwenye panga asimame kando. Simu, redio na tochi ya sumaku vikae mbali pia. Chuma kikiwa karibu, sindano inavutwa nacho na haitakuambia.

Usitembee ukiwa umeinamia dira. Chagua mti au jiwe lililo kwenye mstari, uliendee, simama, chagua lingine. Ukungu ukiwa mzito hadi hakuna cha kuchagua, mtumie mwenzako. Anatangulia mpaka pale anapokaribia kupotea machoni, nawe unamsogeza kwa sauti: "Kulia kidogo, kaka. Kidogo tena. Hapo hapo!" Anasimama asitikisike, unamfikia, anatangulia tena. Inachosha na inachelewesha, lakini katika uwanda usio na alama sijaona iliyo bora zaidi. Kila mnaposimama, geuka umtazame uliyemwacha nyuma: mwelekeo wa kurudi ni ule wa kwenda ukijumlisha au kutoa digrii 180. Ukikuta haulingani, mmeanza kupinda.

Kuna ujanja mmoja ambao wanaoanza huukataa mpaka wauone kwa macho. Tuseme unaelekea mahali njia inapovuka kijito, kilomita moja mbele. Ukilenga pale pale na ukafika kwenye kijito usione njia, utajuaje kama ipo kulia au kushoto? Basi lenga kimakusudi digrii 10 upande wa kushoto. Utafika kwenye maji karibu mita 175 kushoto ya kivuko, na utajua bila kubahatisha kwamba unageuka kulia.

6. Hesabu hatua zako

Pima mita 100 kwa futi kamba mahali tambarare, tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Watu wazima wengi hupata kati ya 60 na 70. Pima tena kwenye mlima, ukiwa na begi, maana namba itapanda. Ukiwa porini weka punje kumi za mahindi mfuko wa kulia, na kila mita 100 hamishia moja mfuko wa kushoto. Zikiisha umetembea kilomita.

Ukikwepa kinamasi au mti ulioanguka, ukwepe kwa pembe: hesabu hatua kwenda kulia, nyoosha mbele hadi ulipite, kisha rudi kushoto hatua zile zile. Wengi hukumbuka kukwepa na kusahau kurudi.

Andika saa kwenye kila alama. Kama kipande kilipaswa kuchukua dakika 40 na sasa ni dakika 60 hujafika, usiseme "labda mbele kidogo." Umepitiliza, au uko pengine.

7. Jua na nyota

Vitabu vya wazungu hufundisha kutafuta kaskazini kwa saa ya mkononi na jua, au kwa nyota ya kaskazini. Kwetu mbinu ya saa haifai, kwa sababu jua la adhuhuri linapita karibu juu ya utosi, na upande linakoegemea hubadilika. Uluguru iko nyuzi 7 hivi kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzo wa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini yako kidogo. Miezi inayobaki liko kusini. Adhuhuri yenyewe kule ni karibu saa sita na nusu, si saa sita kamili. Nyota ya kaskazini huioni kabisa, iko chini ya upeo wa macho.

Kinachofanya kazi ni kijiti. Chomeka kijiti wima mahali tambarare, weka jiwe ncha ya kivuli inapoishia, subiri dakika 20, weka jiwe la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unaelekea mashariki kwa makadirio. Fanya hivyo jua likiwa karibu na adhuhuri. Asubuhi sana au jioni mstari hupinda. Na ukungu ukiwepo, sahau yote haya.

Jambo la jua linalookoa watu ni lingine: giza. Linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro kidogo kutegemea mwezi, na baada ya hapo mwanga haudumu hata nusu saa. Chini ya miti giza linatangulia. Weka saa ya kugeuza isiyojadiliwa, saa saba mchana kwa mfano, hata kama kilele kiko mita 200 mbele.

8. Usifuate mto kiholela

Kila mtu amewahi kusikia kwamba ukipotea ufuate mto, utafika kwa watu. Ni kweli kwamba maji ya Uluguru, yawe ya mito ya Mgeta na Ngerengere au ya miteremko ya mashariki, mwishowe huingia mto Ruvu, na Ruvu imejaa watu. Lakini kati yako na watu hao kuna maporomoko. Mto hauhitaji ngazi, wewe unahitaji. Kijito kinaanza kwa upole, kuta za bonde zinapanda pande zote mbili, mawe yanateleza, unaruka hatua moja ambayo huwezi kuirudia kupanda, na mbele yako maji yanadondoka. Sasa huwezi kwenda wala kurudi. Shuka kwa kufuata mgongo wa mlima, ukiusikia mto ulio bondeni. Mgongo una mimea mepesi zaidi, unapitika, na mawingu yakifunguka utaona uko wapi.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usivuke kijito kilichobadilika rangi. Maji ya mvua iliyonyesha juu hukufikia kabla hujaiona mvua yenyewe. Ngojea, mito mifupi ya milimani hushuka haraka kama ilivyopanda.

9. Simu

Pakua ramani ya eneo zima kwenye programu inayofanya kazi bila mtandao, kama OsmAnd au Organic Maps, uijaribu nyumbani ukiwa umezima data. Mahali ulipo simu inapata kutoka kwenye setilaiti, haihitaji mnara. Iweke hali ya ndege, maana kutafuta mtandao ndiko kunakomaliza betri. Ifungie ndani ya mfuko wa plastiki, karibu na mwili, na uje na betri ya akiba. Itumie kuthibitisha kile ambacho ramani na hatua zako zimekwisha kukuambia. Anayetembea akifuata kidoti cha bluu hajui ni wapi alipo. Simu ndiyo inayojua, na simu hulowa.

10. Ukishapotea

Simama, kaa chini, kula kitu. Usitembee kwa dakika 15. Tazama saa, kumbuka alama ya mwisho ya uhakika, kokotoa ungeweza kutembea umbali gani tangu pale, kisha chora duara kwenye ramani. Uko ndani yake. Sasa tafuta kinacholingana: mteremko unatazama upande gani? Kijito kinakwenda wapi? Kama una kifaa cha kupima kimo, kimo pamoja na upande wa mteremko hupunguza duara hilo kuwa sehemu moja au mbili.

Kama unaweza kurudi kwenye alama ya mwisho, rudi. Kama huwezi na giza limekaribia, baki. Vaa nguo kavu, koti la mvua juu, kalia begi au majani makavu, kaeni mmebanana. Juni na Julai huko juu ni baridi kweli, na aliyelowa ndiye anayeumia kwanza. Angalia siafu kabla ya kukaa.

Filimbi inasikika mbali kuliko sauti yako na haikaushi koo: pulizo sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayejibu hupuliza matatu. Usiku fanya vivyo hivyo kwa tochi.

Ukipata mtandao, 112 ni polisi na 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ila mpigie kwanza mtu wa kijijini uliyemwachia jina, kwa kuwa ndiye aliye karibu na mlima. Mtandao ukiwa dhaifu, tuma ujumbe mfupi wa maandishi. Hupita pale mazungumzo yanapokatika. Andika kwa mpangilio huu: mko wangapi, nani ameumia na vipi, namba za mahali mlipo na mfumo uliozitumia, alama ya mwisho mliyoiona, na kwamba mtabaki hapo hapo. Ukishaituma hiyo, msihame.